Msimu wa Salfa

Jumamosi zetu zilikuwa na utaratibu wake. Mume wangu akishakunywa chai anatoa pikipiki nje, anampakia binti yetu mbele kwenye tangi, mimi napanda nyuma na mdogo wake nimemfunga kwa kitenge, na kapu la chakula nalishika kwa mkono uliobaki. Kutoka Likombe mpaka ufukweni si mbali, lakini kwa mzigo ule, na mtoto anayeimba njia nzima, ilikuwa safari. Trafiki wakituona walikuwa wanageuza uso upande wa pili, nadhani kwa huruma.

Tulikuwa tunakaa chini ya mivinje. Kwenye kapu kuna mihogo ya kuchemsha, chachandu, chupa ya chai na kanga kuukuu ya kutandika. Binti alikuwa na miaka mitano na kazi yake pale ilikuwa moja tu, kukimbia. Maji yakishapwa mchanga unabaki mtupu mpaka mbali, basi anawafukuza kaa, kaa wanazama shimoni, anachuchumaa kuwachungulia, anaanza upya. Baba yake akimkimbiza, anacheka mpaka anakaa chini. Alikuwa anaweza kukimbia na kucheka kwa wakati mmoja. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye nilikuja kulikumbuka sana.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa Mei, mwaka juzi, siku zile kusi linapoanza kuvuma na watu wa Mtwara wanavaa masweta kama wapo Makete. Mimi ni mtu wa Njombe. Hicho wanachokiita baridi huwa kinanichekesha, na wao wananicheka ninavyotembea na blauzi nyepesi. Kwa hiyo mwanzoni sikushtuka. Nikampa asali na limao, nikampa dawa ya maji kutoka duka la dawa. Kikohozi kikapungua Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumapili jioni kikarudi. Wiki iliyofuata vilevile. Usiku wa Jumapili nilikuwa namkalisha kitandani, nimemwegemeza kifuani kwangu, nasikia kifua chake kinapiga mluzi, na nilikuwa naogopa. Sina neno lingine la kulipamba. Niliogopa mwanangu atakata pumzi mikononi mwangu.

Mama mkwe alipopata habari alikuja kutoka Mpapura na kuku mmoja na uamuzi wake tayari. Alisema ni bahari. Mtoto mdogo, Jumamosi nzima anachezea upepo na maji ya chumvi, unategemea nini? Na tena, akasema, kimio kimeshuka. Alimfumbua mtoto kinywa, akamwangalia kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kimekuwa kirefu, kinamkuna, ndiyo maana anakohoa. Kikatwe. Kuna fundi wake kulekule kijijini, anakata asubuhi na mapema kabla mtoto hajala, na mpaka jioni amesahau.

Nilimwambia, shikamoo zangu zote zikiwa pale pale, kwamba mwanangu hakatwi kitu kooni na mtu yeyote. Akaanza kusema Kimakonde na mwanawe. Huwa anafanya hivyo akikasirika, ili nisisikie, na mimi huwa naelewa kila kitu kwa kumwangalia mume wangu usoni.

Tatizo ni kwamba mume wangu mwenyewe alikatwa kimio. Alikuwa na umri kama huo, alikuwa anakohoa hivyo hivyo, akakatwa, akapona. Utamwambia nini mtu ambaye amepona? Tulivutana siku tatu. Mtu mzima wa bandarini, anayeongoza makreni kunyanyua makontena, ananiambia kimio ni jambo dogo. Nikamuuliza kama ni dogo, kwa nini mpaka leo analikumbuka. Akaenda kuangalia matairi ya pikipiki.

Mwisho tukakubaliana kama watu wanaopatana sokoni. Kimio hakiguswi. Lakini ufukweni hatuendi tena mpaka kusi lipite, na likizo ya Juni binti ataenda kwa bibi yake Mpapura, mbali na upepo wa bahari, apate hewa ya shamba. Mume wangu aliniahidi kwa mdomo wake kwamba huko hakatwi. Mimi mwenyewe nilikuwa nasahihisha mitihani ya watoto wa watu, na hewa ya shamba ilisikika vizuri. Nani ataikataa? Nikampakia sweta mbili, soksi na mdoli wake.

Sasa nieleze jambo moja kwa wasioijua Mtwara. Mwishoni mwa Mei na Juni yote ni msimu wa salfa. Mikorosho inataka kuchanua, na bila kupuliziwa ule unga wa njano, ukungu unaoitwa ubwiriunga unayakausha maua yote, na mwaka huo hamna korosho. Shamba la mama mkwe ndilo lililomsomesha mume wangu, na ndilo lililotujengea vyumba vyetu viwili. Baba mkwe hayupo tena. Kwa hiyo kila Jumapili, mimi na watoto tukiwa kanisani, mume wangu yuko Mpapura tangu kabla ya jua, mashine mgongoni inanguruma, anapulizia wakati umande bado upo ili unga ushike. Anarudi jioni wa njano kuanzia nyusi mpaka viatu. Na watoto wakisikia pikipiki wanatoka mbio. Anafungua mikono, anawabeba wote wawili pale pale mlangoni, binti anazamisha uso shingoni kwake. Koti lake la shamba lilikuwa linatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, maana chetu hakina nafasi. Harufu ile ya kiberiti tuliizoea. Binti aliiita harufu ya Jumapili.

Kwa hiyo akaenda kwa bibi. Wiki ya kwanza mume wangu alirudi kutoka shambani akasema binti anaendelea vizuri, anacheza na mbuzi. Nyumba ilipoa. Jumamosi ilipofika mdogo wake alikwenda akasimama kwenye pikipiki akaishika, anasubiri, na ilibidi nimtoe pale akilia.

Jumatano iliyofuata nilipiga simu kwa mama mkwe, nikaomba kusema na binti. Alianza kunihadithia habari za mbuzi. Alisema, mama, mbuzi. Akavuta pumzi. Ame. Akavuta pumzi. Amezaa. Halafu akanyamaza, na kwenye simu nikasikia ule mluzi. Mtoto huyu alikuwa haishiwi maneno. Nilimwachia jirani mtoto mdogo, kalamu nyekundu ikiwa bado nyuma ya sikio langu, nikasimamisha bodaboda, nikamwambia Mpapura, na asiniulize bei.

Nilikuta watu uani. Mama mkwe alikuwa anachemsha maji. Juu ya kigoda alikaa mzee wa makamo, msafi, ana shati jeupe, na pembeni yake kuna kitambaa kimefungwa. Sikuhitaji kuambiwa kimefunga nini. Binti yangu alikuwa amekalishwa kwenye mkeka, amevalishwa sweta zote mbili, mabega yanapanda na kushuka, na midomo yake ina rangi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtoto wangu. Aliponiona hakuinuka.

Nilipita katikati yao nikamnyanyua. Sikumsalimia mtu, na mimi nimelelewa vizuri. Mama mkwe akasimama mlangoni pa ua na kijiko mkononi, machozi yanamtoka, akasema, "Mtoto anakufa hapa, wewe bado unaleta usomi?"

Nikamwambia, "Nipishe, mama."

Akanipisha. Mpaka leo namheshimu kwa hilo, maana angeweza kukataa, na nguvu anazo. Tena aliingia mwenyewe chumbani kuniletea nguo za mtoto, nami nikamfuata nyuma. Nikaona alipokuwa analala binti. Bibi yake alikuwa amempisha upande wa dirishani, akampangia kitanda kizuri kabisa, kimeinuka, godoro limetandikwa shuka safi ya maua. Nikafikiri hata katika hasira zangu kwamba huyu mama anampenda mwanangu. Nikachukua nguo, nikaondoka.

Hospitalini walimvalisha kifuniko cha plastiki puani na mdomoni, mashine ikaanza kutoa mvuke, na mimi nikawa nahesabu mbavu zake zinavyoingia ndani na kutoka. Mume wangu alikuja mbio kutoka bandarini, kofia ngumu bado kichwani. Tulisimama kila mmoja upande wake wa kitanda tukimwangalia mtoto, kama watu waliokutana kwenye foleni. Polepole mabega yakashuka. Midomo ikarudi rangi yake. Akafumbua macho akasema anataka mihogo, na mume wangu akageukia ukutani.

Daktari alikuwa dada kijana, mpole, anauliza maswali kama anapiga soga. Alisema hii ni pumu, na kimio hakihusiki. Akauliza tunapikia nini, nikasema gesi. Paka yupo? Hayupo. Akizidiwa huwa anazidiwa lini? Jumapili, nikasema. Akauliza Jumapili kuna nini. Nikatazamana na mume wangu kwa mara ya kwanza siku ile. Halafu akauliza huko kwa bibi mtoto alikuwa analala wapi.

Nikaanza kumweleza. Nikasema amelazwa vizuri tu, chumba cha bibi, kitanda kimeinuka. Kimeinuliwa na nini, akauliza. Nikafungua mdomo nijibu, ndipo nikakiona tena kile chumba. Chini ya shuka ya maua, pembeni, palikuwa na kona ya mfuko imechomoza. Nikamgeukia mume wangu nikamuuliza salfa mama yake anaiweka wapi.

"Chumbani," akasema. "Nje wanaiba."

Mama mkwe alikuwa ameipanga mifuko ya salfa sakafuni, mmoja juu ya mwingine, akaweka godoro juu yake, ili mjukuu wake asipatwe na ubaridi wa chini. Yeye mwenyewe alikuwa analala kwenye mkeka.

Nilitaka sana kumkasirikia mtu. Nilikuwa nimejiandaa, hasira ninayo ya kutosha, nilizaliwa nayo. Nikamtafuta wa kumkasirikia nikamkosa. Mume wangu alikaa kwenye benchi la wodi akajinusa mikono, ile mikono aliyoiosha kila siku kwa sabuni ya mche, akaiweka chini ya mapaja.

Tuliporudi nyumbani nilitoa koti nyuma ya mlango, nikafua mapazia, nusura nifue na ukuta. Binti alipewa dawa ya kuvuta, na yule daktari akatufundisha kutoboa chupa ya maji ya plastiki, unachomeka dawa upande mmoja, mtoto anavuta upande wa pili. Mama mkwe aliihamishia mifuko jikoni kwake, na siku aliyokuja kutuona alikaa kwenye ukingo wa kiti. Hakusema Kimakonde. Alimwomba mtoto radhi, mtoto wa miaka mitano, kwa Kiswahili, mbele yangu. Kimio hakutaja tena. Lakini alipoondoka alimwambia mwanawe kwamba maua yameanza kuchungulia, na asipokuja Jumapili hii basi.

Ufukweni tulirudi, na chupa yetu iliyotobolewa ndani ya kapu. Kusi linavuma, mchanga unaingia kwenye chachandu, na mtoto anakimbia. Wote tuliosema bahari, nikiwemo mimi niliyekubali, tulikuwa tumemnyang'anya mahali pekee alipokuwa anapumua vizuri. Anacheka tena, lakini sasa mimi sichoki kusikiliza baada ya kicheko kunafuata nini. Mume wangu naye anasikiliza. Tunajifanya tunamenya mihogo.

Salfa haikuacha kupuliziwa. Tungefanyaje? Vibarua wa kupulizia wapo, lakini msimu ule kila mtu anawagombania, na mama yake ana mtoto mmoja wa kiume. Tukaweka sheria. Akirudi Jumapili anapitia nyuma ya nyumba, anavulia nguo bombani, anaoga pale pale, ndipo anaingia. Watoto wanabaki ndani mpaka nitakaposema.

Jumapili ya kwanza ya sheria hiyo nilikuwa nasonga ugali. Pikipiki ikanguruma, na kabla sijageuka binti alishatoka mbio, kama Jumapili zote za maisha yake. Nilimwona dirishani. Alikwenda ameinua mikono. Baba yake alikuwa amesimama getini wa njano mwili mzima, na alipomwona anakuja akarudi nyuma. Binti akadhani ni mchezo wa ufukweni, akaongeza mbio, anacheka. Yule baba akamkimbia. Alizunguka nyumba kwa viatu vya mpira, mtoto nyuma yake anapiga kelele za furaha, mpaka akafika ukutani, pa kukimbilia hakuna. Akanyoosha mkono mmoja mbele, akasema, "Usije!" kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa watoto wake.

Binti akasimama. Nilitoka na mwiko mkononi nikambeba. Kifua chake kilikuwa kimetulia, namshukuru Mungu, nilikiwekea sikio. Alimwangalia baba yake aliyekuwa ameshatugeuzia mgongo, anahangaika kufungua koki.

"Mama," akaniuliza, "baba ananiogopa?"

Nikamwambia ndiyo, anakuogopa. Nikamwingiza ndani, nikafunga dirisha la upande ule, tukakaa tukisikiliza maji yanavyomwagika.