Insulini Kwenye Friji Yangu

Jirani yangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, ni mjane anayeuza ndizi sokoni. Binti yake ana kisukari, kile cha kudungwa sindano asubuhi na jioni. Kwao hakuna friji, kwangu ipo. Kwa hivyo tangu binti aanze matibabu, insulini yake hukaa kwenye mlango wa friji yangu, kando ya maziwa, naye huja kuifuata.

Mwanzoni nilijiona mtu mwema. Kisha nikatambua kwamba jirani hathubutu kunikosea. Kuku wangu walipoingia kwenye sukuma wiki yake wakaimaliza, alicheka tu. Ningekuwa mimi, mtaa mzima ungesikia. Nilijua kilichomfunga mdomo, nikaona haya.

Likizo iliyopita nilipigiwa simu mchana kwamba shangazi amefariki huko Ruiri. Nikatupa nguo kwenye mkoba, nikafunga mlango kwa kufuli, nikaondoka. Kesho yake asubuhi, nikitafuta leso mkobani, mkono ukagusa funguo zote mbili, wangu na ule wa akiba ambao humwachia jirani nikisafiri. Nikampigia.

"Pole kwa msiba, Mwalimu," akasema. "Mlifika salama?"

"Mtoto amedungwa?"

"Bado. Tangu jana jioni. Sikutaka kukusumbua ukiwa kwa matanga. Nilienda zahanati, wakaniambia dawa imeisha, nirudi Jumatatu."

"Yuko namna gani?"

"Anatapika. Anakunywa maji tu, hashibi."

"Vunja mlango!"

"Nivunje mlango wako?"

"Vunja, mama! Kisha umpeleke hospitali kubwa saa hii!"

Alimwita fundi wa vyuma akakata kufuli. Mimi nilipanda gari la kwanza, na njia nzima simu yake haikushika. Nilikuwa nimemzoea yule mtoto akiingia jikoni, akisalimia, akinawa mikono. Sasa nilimwona kitandani macho yamegeuka, na kila nilipofukuza picha hiyo ilirudi.

Nilimkuta wodini amewekewa maji, anapumua haraka. Muuguzi alisema wangechelewa saa chache zaidi, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Alilazwa siku nne, akapona.

Nilimkasirikia mama yake kwa kuniheshimu namna ile. Nikajikasirikia mimi. Lakini hasira ikipoa ninabaki na jambo moja ambalo sijui nilipeleke wapi: mimi ni mtu wa kusahau, wa kusafiri, wa kuugua, na siku nyingine wa kununa. Uhai wa mtoto haufai kuwekwa mikononi mwa mtu kama huyo, hata awe na roho nzuri kiasi gani. Ungewekwa mahali ambapo mama yake angeweza kwenda na kudai kwa sauti, bila kumwomba mtu radhi.

Wiki jana jirani alinijia na barua. Binti ameitwa gredi ya kumi, shule ya bweni upande wa Meru. Tulisoma orodha pamoja: godoro, ndoo, viatu vyeusi, blanketi. Akaniomba niwapigie walimu wa huko, kwa kuwa mimi ni mwalimu mwenzao. Nikauliza insulini itawekwa wapi, na nani ana ufunguo wa hapo wikendi.

"Mlete tu," sauti ikajibu. "Tutaona."

Jirani alikuwa ananitazama usoni. Nikapiga tena namba ile ile.