Mkaza Mwana Aliyeinamia Ukuta

Karomat hamwamini mtu, na mimi simlaumu. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye geti la kiwanda cha hariri hapa mjini Margilan, akitupekua sisi wafumaji tukitoka zamu. Alijua uzi unavyofichwa ndani ya kilemba, ndani ya buti, ndani ya msuko wa nywele. Mimi mwenyewe alinikamata na vitita viwili vya uzi mwekundu nimevibana kwapani. Hakunipeleka kwa meneja. Aliviweka mezani, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Sabohat, ukiiba usitembee kama bata." Tangu siku hiyo ni shoga yangu, na nyumba zetu zinagawana ukuta.

Kiwanda kilifungwa, yeye kazi hakuacha. Muuza maziwa hapiti kwake bila kuonjwa maziwa yake mbele ya watu. Daktari wa macho alimwambia ana mtoto wa jicho, akaenda kwa wa pili, akaenda kwa wa tatu. Wote walipomwambia lile lile alirudi nyumbani akisema wamepatana.

Mumewe alishafariki. Wanawe ni watatu, na wawili wakubwa wamekwisha kuhamia nyumba zao. Kwetu kitinda mimba hahami. Nyumba ni yake, mama ni wake, mpaka siku ya kumzika. Kitinda mimba wa Karomat ni Elyor, na Elyor aliondoka miezi minne tu baada ya harusi, akaenda Korea kuchomelea vyuma. Alimwachia mama mkaza mwana mmoja, Mohira, na ahadi ya mwaka mmoja. Huu ni wa tatu.

Kila Jumapili simu ilipolia, Karomat aliuliza lile lile kabla salamu hazijaisha. "Utarudi lini?" Elyor anajibu, "Nitarudi, mama, Mungu akipenda." Simu ikikatwa Karomat anageuka kwangu. "Mungu anapenda. Huyu mtoto ndiye sina hakika naye."

Na hiyo simu tunaisikiliza ukoo mzima, na mimi jirani pia, tumeizunguka kama sinia la pilau. Mohira anakaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Anapewa simu sote tukishachoka kusema, anauliza, "Hujambo? Uko salama?" halafu anairudisha. Msichana wa watu atamchekea vipi mumewe, mama mkwe amekodoa macho? Ingekuwa aibu ya mwaka.

Basi majira haya ya kuchipua kikaja kisanduku kutoka Korea. Ndani yake mlikuwa na miwani, lakini miwani gani, kitu kinene cha plastiki kama kisahani cha supu, kinafungwa kichwani kwa mkanda, kinafunika macho yote. Kikaja na vishikio viwili vya kushika mikononi. Elyor alieleza kwenye simu kwamba ni vya mchezo, na mchezo wenyewe ni mazoezi. Mgongo wa Mohira unamsumbua kwa kukaa sana cherehani, basi acheze kidogo kila siku.

"Mgongo," Karomat akaniambia baadaye. "Huyu binti alibeba gunia la unga juzi kutoka sokoni. Mgongo gani?"

Wiki mbili zikapita. Siku moja, alasiri, nikasikia ananigongea ukuta. "Sabohat, njoo. Acha unachofanya." Nilikuwa nakunja sambusa za tanuri, mikono imejaa unga. Nikaenda hivyo hivyo. Akanivuta mpaka kwenye dirisha la chumba cha wageni, pale pazia halikutani vizuri, akanisukuma kichwa.

Mohira alikuwa katikati ya chumba, lile liplastiki usoni, anapunga mkono huku na huku.

"Anapiga nzi?" nikanong'ona.

"Nzi wa nini mwezi wa nne? Tulia uone."

Mohira akacheka. Nami sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, cheko la kutoka tumboni. Kisha ghafla akasimama wima, akaweka mkono kifuani, akainama. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Akasema kwa adabu zote, "Asalaam aleikum." Mbele yake palikuwa na ukuta na saa.

Karomat akanirudisha uani kwa mkono. Uso umemkauka.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Kuinama kule ni kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoharibu, nakiri. Ningesema sijui. Lakini mdomo wangu hauna kufuli. Nikamwambia, "Dada, bi harusi anainama hivyo kwa watu wa mumewe. Na watu wa mumewe ni sisi, tuko huku uani."

"Basi ana wengine," akasema Karomat.

Kuanzia siku hiyo amani ikatoweka. Alihesabu dalili moja moja na kuniletea. Saa nane Mohira anaoga. Saa nane na nusu anavaa gauni la hariri, lile la sikukuu. Saa tisa anajifungia. "Niambie wewe uliyefuma hariri maisha yako yote," aliniuliza, "nani anavaa hariri kunyoosha mgongo?" Mohira alipokwenda sokoni, Karomat aliichukua ile miwani akainusa ndani. "Mafuta ya waridi," akasema. Akainusisha na mimi. Kweli, waridi.

"Mwambie Elyor," nikasema.

"Nimwambie mkeo anainamia ukuta? Atasema mama amezeeka." Alikaa kwenye kitanda cha uani, akawa anajikanda goti. "Hebu nikwambie kitu, Sabohat. Mwanamume harudi kwa mama. Mama yupo tu, kama kisima. Anarudi kwa mke. Miaka mitatu nimemlinda huyu binti kama yai, si kwa kumpenda, ingawa nampenda. Akitoka huyu, Elyor hana cha kumrudisha hapa. Na mimi nitafia humu peke yangu nikisikiliza friji."

Sikumtania. Niliona anaogopa, na Karomat mwoga sikuwahi kumwona.

"Mkamate basi," nikasema. "Si kazi yako?"

Mpango ukawa wangu, nao ulikuwa rahisi. Mkaza mwana akitumwa na mkubwa hasemi nina shughuli, hata kama nyumba inaungua. Siku ya pili, saa tisa na robo, nikapiga hodi kwenye chumba cha wageni. "Mohira, mwanangu, mkate wangu uko kwenye tanuri na kiuno kimekataa kuinama. Niondolee, Mungu akuweke."

Nikamsikia ndani akisema taratibu, si kwangu, "Shangazi Sabohat ananiita. Nisubiri." Akatoka amefunga kilemba vizuri, mashavu mekundu, akapita mbio kwenda kwangu.

Karomat akaingia. Miwani ilikuwa juu ya mto. Akaivaa juu ya kilemba, nikamkaza mkanda kwa nyuma, nikamtia vile vishikio mikononi. Akashtuka, akapiga hatua moja nyuma, akanikanyaga.

"Kuna ukumbi," akaninong'oneza. "Kuna meza, ina wavu katikati. Sabohat, nina mikono ya bluu."

Ule mkanda una vispika vidogo karibu na masikio, na sauti inavuja. Nilisogea mpaka nikawa shavu kwa shavu naye. Sauti ya kiume ikasema, "Umerudi? Yule mama akikosa la kufanya anatafuta watu wa kutuma."

Yule mama ni mimi. Lakini halikuwa hilo lililonishangaza. Sauti ile niliijua tangu haijakomaa. Ilikuwa ya Elyor.

Nikataka kucheka, nikataka kumkumbatia Karomat palepale. Mwanamume wa siri kumbe ni mume. Tulipowanyima nafasi kwenye simu, walitafuta chumba kisicho na mama mkwe, wakawa wanacheza mpira wa meza. Nikamgusa bega ili aivue miwani. Akautikisa mkono wangu ukaanguka.

"Sikia, kabla hujaanza kunichapa," Elyor akaendelea. "Karatasi zako zimetoka. Leo asubuhi. Na chumba nimepata, kidogo, lakini kina dirisha. Mwezi wa tisa uko huku."

Karomat alisimama vile vile, mikono imeinuliwa nusu.

"Mbona kimya? Wewe si uliapa utaruka mpaka darini?" Akacheka kidogo. "Mama tutamwambia baada ya Idi. Nikimwambia sasa ataniuliza narudi lini, na mimi nimechoka kumwambia nitarudi."

Nilitamani niwe kwenye tanuri langu na mkate wangu. Karomat alikuwa ameshuku kweli, toka mwanzo. Binti alikuwa anaondoka. Ila aliyekuwa anamwiba ni mwanawe mwenyewe.

Ndipo zikaingia sauti nyingine, za watu wazima, wanaume wawili au watatu, kwa lafudhi ya hapa hapa bondeni kwetu. "Mkaza mwana wetu hatusalimii leo?" mmoja akauliza.

"Mzee Tursunali na wenzake wameshatoka kazini," Elyor akasema. "Wasalimie kidogo. Wewe unajua, wamekaa miaka hawajaingia nyumba yenye bi harusi."

Kumbe ndiyo kuinama kwenyewe. Wanaume wetu, wako mbali na mji, wanavaa miwani kama ile kwa zamu ili wainamiwe na msichana wa kwao na waitikie salamu. Na Mohira, mtoto aliyelelewa, hakuwanyima.

Karomat akaweka mkono kifuani. Ana miaka sitini na minne, goti la kulia halikunji vizuri, na wanaume wale wote ni wadogo kwake. Akainama. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Nilimshika kiuno asianguke. Mpaka leo najiuliza kwa nini alifanya vile, na ninaloliona ni moja: alijua wakimtambua watanyamaza, naye alitaka kumsikiliza mwanawe akiongea huru, walau dakika moja zaidi. Nililia, sifichi.

"Uishi sana, mwanangu," akasema mzee mmoja.

"Leo unainama kama mama," akasema Elyor, bado anacheka.

"Ni mama," akasema Karomat.

Cheko likakatika. Nilisikia feni ikizunguka huko Korea, na mtu akikohoa.

"Mama?"

"Elyor. Utarudi?"

Hakuuliza lini. Miaka mitatu ameuliza lini, siku hiyo akaliacha.

"Mama, goti lako bado linauma?"

"Nimekuuliza."

Nikangoja nisikie Mungu akipenda. Ningeridhika nayo hata ingekuwa uongo. Elyor akavuta pumzi, akaanza, "Mama, mimi," akaishia hapo.

Karomat akaivua miwani. Mkanda ulikuwa umemvuta kilemba, nywele nyeupe zimetoka. Mohira alikuwa mlangoni na mikate yangu ameifunga kwa kitambaa, mvuke unatoka, na uso wake haukuwa na damu.

"Mama, mimi nilikuwa nataka kukuambia."

"Mumeo yuko humu." Karomat akampa ile miwani, akampokea mikate. "Mwambie mama ametoka."

Tukakaa uani. Sikujua niseme nini, na nisipojua cha kusema ndiyo nasema zaidi. "Walau hakuna mwanamume mwingine, dada. Tulimdhania mtoto wa watu mabaya."

"Heri angekuwepo," akasema. "Huyo ningemfukuza."

Mohira akatoka. Alikuwa ameleta birika la chai na bakuli tatu za kunywea, macho yamevimba. Akapiga magoti kwenye ukingo wa kitanda. "Analia, mama. Anasema nisiende, nibaki na wewe. Anasema niziache karatasi, atatafuta njia nyingine."

Hapo ndipo ningeshangilia. Binti alikuwa amemwekea mama mkwe kila kitu mkononi, tena kwa moyo mweupe. Neno moja la Karomat lingetosha, na nilimtazama alitoe.

Alikata mkate, akampa Mohira kipande kikubwa zaidi.

"Umri wako nilikuwa na mume kitandani na watoto wawili," akasema. "Wewe una mume kwenye kisanduku. Nenda."

"Mama, tutarudi, nakuapia, mwaka mmoja tu halafu..."

"Mohira. Nenda, na radhi zangu uende nazo. Lakini hilo la kurudi usiniambie na wewe."

Mohira alikuwa na mkate mdomoni, hakuweza kuutafuna wala kuutema. Karomat akamsogezea chai.