Upande wa Pili wa Kaseti ya Bibi

Siku hizi nina starehe moja ambayo wanangu hunicheka kwayo. Jumamosi nikishamaliza kufua, nakaa jikoni kwangu hapa Njiro na simu, natazama wageni wakisikiliza kwa mara ya kwanza wimbo wa kwaya yetu ya Akheri. Aliyeuweka mtandaoni simjui. Aliandika tu kwamba alinakili upande mmoja wa kaseti ya mtu. Watu wa nchi za mbali wanajirekodi wakiusikiliza, nami nawasubiri mahali pale pale: ubeti wa mwisho, kwaya inaponyamaza na mwanamke mmoja akajibu peke yake, mstari mmoja tu. Kuna kijana alikuwa anatafuna, akaacha, akarudisha nyuma mara tatu. Nilifurahi mpaka chai ikapoa.

Sauti ile ni ya bibi yangu. Kama nawe umelelewa na kaseti, utanielewa. Kwaya ilirekodi kanisani, na mwalimu wa kwaya akawagawia waimbaji kaseti chache, kila moja akiwa ameivunja vile vijipande viwili vya plastiki vya juu ili mtu asije akarekodi juu yake. Upande wa kwanza ulikuwa wa kwaya. Upande wa pili, kwenye kaseti ya bibi tu, ulianza na wimbo alioutunga mwenyewe wakati wa kuchuma kahawa, akauimba peke yake.

Kila Jumamosi alianika betri juani zipate nguvu, kisha akaketi uani kumenya ndizi za supu ya mtori huku kaseti ikiimba. Wimbo wake ulipofika, kisu kilisimama mkononi. Hata kuku walijua kwamba maganda yamekoma kwa muda.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na wazimu wa bongo fleva. Siku moja redio ikatangaza kwamba wimbo ninaoupenda, wa kijana mmoja, unafuata, nami sina kaseti. Nikachukua ya bibi, nikatafuna karatasi ya daftari, nikaziba vijitundu vilivyoachwa na vile vijipande, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Wimbo ulipokwisha sikuzima, maana uliofuata nao ulikuwa mtamu.

Jumamosi bibi akaweka upande wa pili. Ubeti wa kwanza ulitoka salama, kisha akaingia yule kijana wa redio na midundo yake. Nilikuwa naosha masufuria, sikuinua uso. Bibi hakuzima.

"Labda wangu uko mbele," alisema.

Akasubiri. Alisikiliza matangazo ya sabuni na salamu za wasikilizaji mpaka kaseti ikafika mwisho, na siku hiyo mtori ulichelewa. Jioni aliniuliza kama najua kilichotokea. Nikasema labda ni jirani, kwa kuwa aliwahi kuiazima. Hakumuuliza jirani, wala mimi hakuniuliza tena. Naamini alijua, maana karatasi ilikuwa bado imo kwenye vijitundu, na mistari ya daftari langu ikionekana. Alizoea kusema kwamba mtoto akikunyea mkono huukati. Nilidhani anasema juu ya watoto wadogo.

Wiki iliyopita mtu mmoja aliandika chini ya wimbo, akauliza yule mwanamke wa mwisho ni nani, na kama ana nyimbo nyingine. Nikamjibu: "Ni bibi yangu. Alikuwa na wimbo wake mmoja. Niliufuta mimi." Sikuwahi kumwambia mtu hayo kabla ya siku hiyo, na bibi tulishamzika migombani miaka mingi iliyopita. Laiti ningemwambia yeye.

Yule mtu akauliza kama naukumbuka, niuimbe hata kidogo. Nimejaribu, rafiki yangu, hapa hapa jikoni, mlango nimeufunga. Ubeti wa kwanza natoka nao vizuri. Halafu, pale pale, anaingia yule kijana wa redio, na maneno yake nayajua yote.