Nambari Arobaini na Moja

Mwaka wa 1996 Rosebella Osundwa aliajiriwa na mradi wa afya ya watoto. Alizunguka vijiji vya Butali akitoa watoto damu kidogo. Chupa zilibandikwa nambari tu. Majina na maboma aliyaandika kwenye kompyuta ndogo ya mkononi.

Alikuwa amefikisha watoto sitini na wanne betri zilipoishiwa nguvu. Akazitoa, akatia mpya. Hakujua kwamba ile betri ya akiba, ndogo kama kifungo, ambayo ndiyo huzuia faili zisifutike wakati huo, ilikuwa imekufa kitambo. Mashine ikawaka ikimwuliza tarehe, kana kwamba imetoka dukani. Akaizima, akaiwasha tena. Tupu. Ndani ya mashine mlikuwa na kadi ya kuhifadhia faili hata bila umeme, lakini alikuwa akingoja Ijumaa ndipo anakili.

Kabla hajapata maneno ya kumwambia mkubwa wake, Jairus, yeye mwenyewe akaja na pikipiki, karatasi ya maabara mkononi.

"Nambari arobaini na moja ni nani? Damu imemwishia kabisa. Wanasema afikishwe hospitali leo."

Rosebella akaiwasha mashine. Akamwonyesha ilivyo tupu.

Jairus hakumgombeza. "Anza upande wa kiwanda cha sukari," alisema. "Mimi naanza huku."

Rosebella akapita mashambani kati ya miwa, boma baada ya boma, akivuta kope za watoto chini atazame kama ndani mna wekundu wa damu. Wengine walimkimbia, wakidhani amerudi na sindano. Alasiri mvua ikanyesha. Alikuwa ameona ishirini na wanane, na wote walikuwa wazima. Alisimama njiani akalia kwa sauti, kisha akaendelea.

Kwa mama mmoja, Naliaka, alipiga hodi akiwa ameloa chapachapa.

"Mtoto yuko wapi, mama?"

"Phoebe? Yuko ndani. Siku hizi analalanga tu."

Kope yake kwa ndani ilikuwa nyeupe kama unga. Moyo wa mtoto ulidunda mbio chini ya kiganja cha Rosebella. Hakungoja. Alimbeba mgongoni, Naliaka nyuma yake, hadi barabarani, wakapakiwa na trekta ya miwa.

Hospitalini walimpima upya: kipimo kikalingana na cha ile karatasi. Naliaka ndiye aliyemtolea damu. Siku ya tatu Phoebe aliomba uji.

Tangu hapo Rosebella hakutoka bomani kabla ya kunakili faili kwenye kadi, na majina aliyaandika pia daftarini. Lakini usingizi haukumjia vizuri. Mwishowe alirudi kwa Naliaka, akamkuta anapukuchua mahindi, akamweleza yote.

"Kwa hivyo ungeweza kukosa kufika kwetu?"

"Ndiyo, mama."

Naliaka aliendelea kupukuchua, macho kwenye gunzi. Kisha akamsogezea kigoda. Rosebella akaketi, akaanza kupukuchua naye.