Jirani Aliyeninyamazishia Diski

Kompyuta yangu ilikuwa inakwaruza yenyewe mchana kweupe, na hakuna mtu aliyeigusa.

Krr, krr, krr. Kama kuku anachakura juu ya bati.

Naitwa Migdalia, naishi Camagüey, Kuba. Hadi leo nikilisimulia hili, damu inachemka.

Baba yangu, Eladio, alikuwa mtunzi wa mashairi ya kuimba. Ukimpa mstari mmoja, anakumalizia ubeti papo hapo. Alipofariki aliniachia sanduku la kanda alizorekodia nyumbani. Mengi ya mashairi yale hakuwahi kuyaimba hadharani.

Kanda zilianza kuharibika, nikaamua kuyahamishia mashairi kwenye kompyuta. Naweka redio kaseti mezani, kipaza sauti mbele yake, narekodi moja baada ya nyingine.

Tatizo likawa diski, kile chombo cha ndani kinachotunza kila ninachorekodi. Kompyuta yenyewe ya kuungaunga, diski kuukuu, ikizunguka inavuma mpaka meza inatetemeka. Nikisikiliza nilichorekodi, baba anaimba na nyuma yake kama kuna mashine ya kusaga.

Nilikaza skrubu. Nikatandika blanketi chini ya kasha la kompyuta. Nikakatakata kandambili nzima, nikachomeka vipande vya mpira pale diski inapogusana na chuma.

Ikapungua kidogo tu.

Halafu ule mkwaruzo sasa. Nikimaliza kurekodi, naenda jikoni kuinjika maharage meusi, nasikia huko chumbani inachakura. Nikienda kutazama, skrini imetulia tuli.

Nikamlalamikia Nivaldo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Huyu alimpigia baba gitaa miaka na miaka. Ndiye aliyevuta waya kati ya kompyuta yake na yangu, ili binti yangu acheze michezo na wanawe. Kwangu alikuwa kaka kabisa.

Kuvuma hakukumshtua. Nilipotaja mkwaruzo, akaja siku hiyohiyo na bisibisi.

Akaniambia diski ikizeeka huwa na viroja, nisiitilie maanani. Nilitaka kuizungushia sponji, akanikataza: itakosa hewa, itapata moto, itakufa na sauti ya baba ndani. Akaing'oa kwenye fremu yake, akaomba lastiki. Nikachomoa ya sketi yangu. Akaining'iniza diski katikati ya kasha kama mtoto kwenye bembea, isiguse chuma popote.

Akawasha.

Kimya. Huwezi kuamini.

Nilimkumbatia, jamani. Nikampakulia na chakula.

Siku kadhaa baadaye nilifungua kasha kuangalia kama lastiki imelegea. Sikuwa nimefungua kitu chochote kwenye kompyuta. Nikaweka kidole juu ya diski.

Ilikuwa ya moto. Na ndani yake kitu kinagonga upesi upesi, inachapa kazi.

Inamfanyia nani?

Nikachomoa ule waya wa kwa Nivaldo. Hapohapo diski ikatulia chini ya kidole changu.

Hata sijanyoosha mgongo, sauti ikapenya ukutani:

"Dada Migdalia, umechomoa waya? Hebu urudishe."

Niliingia kwake bila kupiga hodi.

Amekaa, gitaa mapajani. Kwenye spika zake baba yangu anaimba shairi nililorekodi asubuhi ileile.

Mkewe akatoka jikoni; maskini, hakujua lolote. Akanikaribisha, akaniuliza kama Jumapili nitakwenda kumsikiliza mumewe akiimba ukumbini, maana mashairi yake mapya watu wanayapenda sana.

"Mashairi yako?" nikamuuliza Nivaldo.

"Eladio amekufa, Migdalia. Wewe huimbi. Ulitaka yaozee kwenye sanduku?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ukaninyamazishia diski, nisisikie unavyoniibia kupitia huo waya."

Akainamia gitaa lake. Mkewe akazima spika.

Nilichukua koleo lake mwenyewe mezani, nikaukata ule waya.

Jumapili nikaenda ukumbini na redio kaseti. Nivaldo alikuwepo, amevaa shati jeupe, amejipanga. Kabla hajaitwa nikapanda jukwaani, nikawaambia watu wasikilize hizi beti ni za nani. Nikabonyeza.

Baba akaimba. Katikati akasita, akakohoa, akacheka: "Nivaldo, gitaa lako limelala. Tuanze tena."

Kila mtu akageuka kumtazama Nivaldo. Alitoka kabla ubeti haujaisha.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipozidi, msije mkadhani ilipoa. Gitaa lake limo mle! Angeniomba tu, jina lake lingetajwa pamoja na la baba, kwa heshima zote. Alikuwa na haki ya nusu ya makofi, akaenda kuiba yote.

Sijamsamehe. Mkewe tunasalimiana.

Ndugu yangu, ukisikia kitu kinachakura ndani kwako, usikimbilie kukinyamazisha. Tafuta kwanza nani anakula. Na akitokea mtu mwenye haraka kuliko wewe ya kuizima hiyo kelele, anza na huyo.