Barua ya Mjumbe

Wenye makosa ninawajua. Rais wa Zaire na jamaa zake waliokula nchi. Wazungu waliojua ni mwizi, wakaendelea kumpa mkono. Mwenye nyumba wa hapa Mabatini, aliyemchongea mpangaji wake ili apangishe chumba kwa bei mpya, maana miaka ile kila kitu kilikuwa soko. Na mimi.

Nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Shule niliishia darasa la nne, lakini bila barua yangu mgeni hakai mtaani.

Huyo mpangaji alikuwa Mzaire, mkubwa kwangu kwa umri, kwao karani wa mahakama. Hapa alikuwa anaanika dagaa Kirumba, na mke na mtoto mmoja. Akaja kuomba barua. Nikamwambia barua haiandikwi na mdomo mkavu. Kesho yake akaleta redio yake.

"Mjumbe," akasema akiniangalia nikiandika, "kwetu serikali ilianza kufa hivi hivi."

"Si vita?"

"Vita ilikuja kuzika tu. Karani hakulipwa, akauza saini. Askari hakulipwa, akaziba barabara, alipwe na wapita njia. Mwisho kila mtu akawa serikali ya tumbo lake."

"Sasa nchi yenu ipo au haipo?"

"Kwa sheria ya mataifa ipo. Bendera inayo, kiti mkutanoni inacho. Ila nikitaka cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, nibishe hodi wapi?"

"Nyie Wazaire kwa maneno!" Nikacheka, nikawasha redio.

Haikupita miezi miwili, wakaja watu wa uhamiaji wakiwa naye. Mkubwa wao akaninyooshea ile barua.

"Mjumbe, hii umeandika wewe?"

Mwandiko wangu mtaa mzima unaujua, kama kuku kaparua. Na ndani redio ilikuwa inaimba. Nikaogopa wataniuliza nimeipata wapi.

"Siyo yangu, afande."

Mzaire akanigeukia. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa namwamkia. Siku ile akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, serikali."

Majirani wakacheka. Mimi nikaingia ndani kuzima redio. Wakampakia garini yeye, mkewe na mtoto, kuwarudisha kule kusiko na mlango wa kubisha hodi.

Redio ninayo bado. Betri sijawahi kuinunulia tena.