Shule Isiyo na Katibu

Filamu ilikuwa haijafika hata dakika kumi, na Lorraine Kinnunen alikuwa ameshaguna mara nne. Mara ya kwanza aliguna kwa sababu kijana shujaa, eti ana miaka kumi na saba, alikuwa na mikunjo pembeni ya macho. Mara ya pili kengele ya darasani ililia na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Mara ya tatu ni pale msichana ambaye shule nzima inamwona mbaya alipovua miwani, watu wakaangusha vitabu kwa mshangao, kana kwamba miwani ni barakoa. Ya nne aliguna kwa uchovu tu.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nne, theluji bado imelala uwanjani, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamekalishwa kwenye ukumbi wa michezo wa sekondari yao, huko kaskazini kabisa mwa Michigan, Marekani, waangalie filamu ya mapenzi ya vijana. Wazo lilikuwa la mkuu wa shule, Bwana Dwyer, mtu mwema ambaye hajawahi kukutana na wazo la kijinga akalipita bila kulisalimia. Alitaka kuwachangamsha kabla ya dansi ya mwezi wa tano, ile ya kuagana ambayo mvulana humwomba msichana waende pamoja. Lorraine, katibu wa mahudhurio kwa miaka thelathini na moja, aliwekwa mlangoni kuhakikisha hakuna anayetoroka. Laiti angeweza kutoroka yeye.

Basi ikaja ile sehemu kubwa. Shujaa, ambaye msichana ameshamkataa mara mbili, tena waziwazi, anaingia ofisini, anakuta maikrofoni mezani, anaiwasha, anaitangazia shule nzima kwamba hawezi kuishi bila yeye. Madarasa yanamwagika koridoni. Msichana anakuja mbio akiwa amelowa mvua, ingawa alikuwa darasani, na anasema ndiyo. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Hebu niambieni," Lorraine akasema kwa sauti, "katibu wa hiyo shule yuko wapi?"

Msichana aliyekaa safu ya mwisho, karibu kabisa na mlango, akageuka akatabasamu kidogo. Jina lake Tessa Maki, na mikono yake ilikuwa mapajani. Hakuwa amepiga makofi.

Jamani, shule nzima haina katibu! Mtoto anaingia ofisini kama anaingia chooni, anawasha chombo cha watu, hakuna wa kumuuliza unatoka kipindi gani. Ofisini kwa Lorraine maikrofoni inakaa kushoto kwa simu, na haijawahi kuguswa na mkono wa mtu bila yeye kujua. Anajua nani kweli ana miadi ya meno na nani anapiga simu mwenyewe akiigiza sauti ya mama yake. Anajua kwamba msimu wa kuwinda paa ukifunguliwa katikati ya Novemba, nusu ya shule huugua ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo una pembe. Leo waje watu wa filamu wamwambie kazi yake haipo! Aliudhika tangu Ijumaa hadi Jumapili, akamaliza sufuria nzima ya mchuzi wa viazi akiwa bado anabishana na televisheni iliyozimwa.

Jumatatu, dakika ishirini kabla ya matangazo ya asubuhi, kijana mmoja mrefu akaja kusimama mbele ya meza yake. Colton Rautio.

"Bi Kinnunen, leo nitahitaji maikrofoni dakika mbili."

"Na mimi nahitaji goti jipya. Ya kazi gani?"

Akaweka karatasi mezani. Ilikuwa ruhusa yenye saini ya Dwyer, na pembeni Dwyer amechora moyo. Mtu mzima wa miaka hamsini.

"Namwomba Tessa Maki twende naye dansi," Colton akasema. "Kama kwenye filamu."

"Umeshamuuliza?"

"Ndiyo kwanza nataka kumuuliza."

"Pembeni, namaanisha. Kama watu."

Colton akakuna shingo. "Mwezi wa pili nilimuuliza. Alisema ataangalia."

"Na mwezi wa tatu?"

"Alisema ana kazi nyingi."

"Na wewe ukaelewa nini?"

"Kwamba sijajitahidi vya kutosha."

Hapo Lorraine alitamani ampate aliyeandika ile filamu, amkalishe kwenye kiti cha wachelewaji hadi saa ya kwenda nyumbani. Maana Colton si mtoto mbaya, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Huyu ndiye anayewazolea theluji majirani wazee bila kutumwa. Ameambiwa hapana mara mbili kwa adabu, na watu wazima wenye kamera wamemfundisha kwamba hapana ni mlango unaosukumwa kwa bega.

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, mchezo ni huo huo. Mvulana analeta bango, au anaandika swali kwenye boksi la piza, mwaka juzi mmoja alileta ndama mwenye kibao shingoni. Wenzake wanasimama duara na simu juu, msichana anaziba mdomo kwa mikono, anasema ndiyo. Katika miaka yote hiyo Lorraine hajasikia hapana hata moja. Hebu fikiria, hata moja. Haiwezekani wote walikuwa wanataka.

Na Tessa hakutaka. Lorraine alikuwa na ushahidi kwenye droo: tangu mwezi wa pili, vikaratasi saba vya kuchelewa kipindi cha tatu, vyote kwa mwandiko wa Tessa, sababu, "nilizunguka." Njia fupi ya kwenda kipindi cha tatu inapita mbele ya kabati la vitabu la Colton koridoni. Njia ndefu inazunguka karakana ya useremala. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Kaa hapo," akamwambia Colton, akaingia kwa Dwyer bila kubisha hodi.

"Mkuu, huyu binti hataki."

"Amekwambia?"

"Anazunguka karakana ili asimwone."

"Lorraine, acha vijana wafurahi. Kuuliza si ujinga."

"Kuuliza si ujinga. Kumuuliza mtu kwenye spika mbele ya watu mia nne ndio ujinga."

Dwyer akacheka, akadhani ni utani, akachukua kikombe chake na kwenda nje kuangalia mabasi.

Lorraine akabaki amesimama na hasira yake. Aliijua vizuri hasira hiyo, ilikuwa ya zamani kuliko filamu. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikwenda kwenye mechi ya mpira wa kikapu, katika ukumbi ule ule, akiwa amepania kumwambia Gary Kinnunen kwamba yamekwisha. Wakati wa mapumziko Gary akachukua maikrofoni, akapiga goti katikati ya uwanja, akamwomba waoane. Watu mia tisa wakasimama. Lorraine alikuwa hata koti hajavua. Alisema ndiyo kama mtu anavyosema "nipo" jina lake likiitwa. Gary hakuwa mlevi wala hakumpiga, alikuwa tu mtu ambaye Lorraine hakumtaka, na walikaa miaka ishirini na miwili kabla hawajaachana. Mjini bado wanaikumbuka ile siku. Bado wanamwambia ilikuwa tamu kama filamu.

Akainua simu, akapiga darasani kwa Tessa kumwita, si kwenye spika. Akamsubiri koridoni, mlango wa ofisi ameufunga nyuma yake.

"Colton anataka kukuomba dansi kwenye matangazo. Ungependa?"

Tessa akabadilika rangi. "Nikikataa shule nzima inasikiliza, nitaonekana nina roho mbaya."

"Sijakuuliza utaonekanaje. Nimekuuliza unapenda?"

"Sipendi."

"Nimwambie mimi, au utamwambia mwenyewe? Lolote ni sawa."

Tessa akaangalia saa ya ukutani. Zilibaki dakika sita. "Nitamwambia mwenyewe. Lakini na wewe uwepo."

Wakaingia. Colton akasimama haraka, akaangalia maikrofoni, akamwangalia Tessa, akaelewa kwamba mambo hayaendi kama alivyopanga. Lorraine akageukia kompyuta yake akaweka vidole juu ya vibonyezo, hakuandika kitu.

"Nilikuwa nataka kukuuliza," Colton akasema, "kuhusu dansi."

"Hapana, Colton. Ahsante, lakini hapana. Si kwamba nina kazi nyingi. Sitaki tu."

"Kwenye filamu alikubali," kijana akasema.

"Yule analipwa," Lorraine akasema bila kugeuka.

"Mbona hukuniambia hivyo tangu mwezi wa pili?" Colton akamuuliza Tessa.

"Ulikuwa umekuja na wenzako wanne," Tessa akasema. "Mmoja alikuwa anarekodi."

Colton akafikiri. Masikio yalimwiva, lakini alifikiri. Kisha akaichukua ile karatasi ya ruhusa, akaikunja, akaitia mfukoni. "Sawa," akasema. "Samahani." Akatoka, akamshikia Tessa mlango, yeye akaenda kulia, Tessa akaenda kushoto, kwa njia fupi.

Lorraine akaangalia saa. Haikufika hata dakika moja. Miaka yote alikuwa akijiambia kwamba neno hapana lilikuwa zito mno kwa msichana wa umri wake, kwamba hakuna ambaye angeliweza, na sasa amemsikia mtoto mdogo kuliko alivyokuwa yeye akilisema na kurudi darasani.

Dwyer akachungulia, viatu vimejaa tope la theluji. "Vipi, amekubali?"

"Ameulizwa," Lorraine akasema, "na amejibu." Akageuza uso upesi dirishani, kwa sababu alikuwa analia, na Dwyer angedhani ni mapenzi.